Mikono Isiyosikia Moto

Kamwene. Habari za asubuhi, ndugu zangu, nyinyi wa kwenye mabenchi na nyinyi mliokaa juu ya magunia. Naomba niseme nikiwa nimekaa. Nesi Devota alitaka nisimame ili wa nyuma wanione, lakini mguu wangu wa kulia una kidonda kilichopona vibaya, na kunitazama hakuna faida. Sikilizeni tu. Ameniambia pia niseme maneno ya kutia moyo. Nitajaribu, ila msitegemee kelele. Nimetoka kuchambua viazi tangu alfajiri na mgongo unaniuma.

Naitwa Eliza Mahenge, mzaliwa wa Ipelele, kule Makete. Nililelewa kwenye pareto na ngano, nikaolewa hapohapo na mwanaume aliyeitwa Wilfredi. Alikuwa mtu mpole, anapenda kukaa karibu na moto na kusema kidogo. Hatukujaliwa mtoto. Alipofariki, shemeji yangu alisubiri matanga yaishe, akaja na kigoda chake, akakaa, akaniambia taratibu, "Shemeji, nyumba hii ni ya ukoo. Ungekuwa na mtoto tungezungumza." Hakunipiga wala hakunitukana. Wengine wanadhani mtu asiye na nyumba lazima awe mlevi au mwendawazimu. Mimi nilitolewa kwa adabu kabisa, na chai nilimpikia.

Nyumbani kwa wazazi wangu kaka yangu alikuwa na watoto wengi na vyumba vichache. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nililishika jembe, nikalima, lakini mke wa kaka akaanza kunihesabia mboga kwenye sahani. Nikaondoka. Tangu siku hiyo nimelala stoo za viazi, jikoni kwa watu, kwenye vibanda vya walinzi wa mbao, na msimu mmoja ndani ya choo kipya ambacho bado kilikuwa hakijaanza kutumika. Msicheke, kilikuwa na bati zuri.

Nawaambia haya mjue kitu kimoja kabla sijaendelea. Mtu mwenye nyumba akiumwa mkono, anaweza kukaa ndani mpaka upone. Mimi mali yangu yote ilikuwa mikono. Nikichambua viazi nakula, nikipika nakula na napata pa kulala. Mikono ikigoma, sina chakula wala pa kulala siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtakaposikia habari ya mikono yangu, msidhani nazungumzia vidole.

Nilipata kazi ya kupika kwenye kambi ya wachoma matofali. Kijiji sitakitaja, kipo kati ya Njombe na Makambako, na waliokosea hapo si watu wabaya. Msimamizi wa kambi ni Onesmo, Mbena mmoja mwenye maneno mengi na roho nzuri. Vijana wake wanafyatua matofali bondeni, wanayapanga kuwa tanuru, wanachoma kwa magogo. Mimi nilikuwa na kibanda cha nyasi na nailoni pembeni ya tanuru, mafiga matatu na sufuria kubwa ya ugali. Kwa baridi ya huku, kulala karibu na tanuru ni bahati. Tofali zikiiva, joto linakaa siku kadhaa, na mtu asiye na blanketi la pili analala kama mtoto.

Ugonjwa ulianza na baka. Lilitokea kwenye mkono, juu ya kiwiko, jeupejeupe, kubwa kama kifuniko cha chupa. Halikuwasha. Baadaye likaja lingine pajani, na usoni ngozi ikaanza kung'aa kama nimejipaka mafuta, na mafuta yenyewe sina. Nikasema ni utangotango. Kitu kisichowasha nani anakitembelea zahanati?

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Hapa ndipo nilipopotea, na ndipo watu wa Njombe wengi tunapotea. Mwezi wa sita na wa saba, umande ukiganda kwenye majani, nani hana ganzi huku? Wachambuaji viazi wote wana ganzi. Watoto wanaokwenda shule peku wana ganzi. Ukimwambia mtu wa huku kwamba husikii vidole, anakuambia sogea motoni. Basi nikasogea motoni, ndiko kulikokuwa kazini kwangu. Mwezi wa tisa jua likarudi, ganzi za wenzangu zikaondoka. Yangu ikabaki, na mimi sikuiuliza kwa nini.

Tena niliipenda. Siku moja sufuria lilikuwa linamwagika, kitambaa sikukiona, nikalishika kwa mikono mitupu nikalitua chini. Vijana wakageuka kutazama. Onesmo akasema, "Mnaona? Huyo ndiye mwanamke wa Kikinga. Nyinyi mnalia mkishika tofali la vuguvugu." Kuanzia hapo ikawa sifa yangu. Dereva akija kupakia matofali, Onesmo ananiita, "Mama mpishi, hebu mwonyeshe mgeni." Nami namwonyesha. Naokota kaa la moto, nalihamisha figa hadi figa, wageni wanashika vichwa. Tangu nitoke kwenye nyumba ya Wilfredi hakuna mtu aliyenisifu kwa lolote. Nilikuwa na malengelenge kwenye viganja, yanapasuka, yanatoa maji, na siyasikii. Nilidhani ni usugu wa kazi.

Mchana mmoja nilikuwa nasonga ugali. Vijana wamekaa wanasubiri na sahani zao. Onesmo akanusa hewani, akasema, "Mama, unaunguza." Nikamwambia ugali wangu hauungui. Akanusa tena. "Basi kuna nyama inaungua." Nyama hatukuwa nayo kambini wiki nzima. Akatazama chini. Nilikuwa nimekanyaga kaa lililotoka figani, mguu wa kulia, peku, na nimesimama nalo. Nilipoinua mguu, ngozi ya unyayo ilibaki pale chini pamoja na kaa. Kulikuwa na shimo jeusi, pembeni jekundu, na mimi nilikuwa bado nimeshika mwiko.

Hakuna aliyesifu siku hiyo. Mimi mwenyewe niliogopa. Maumivu yangekuja ningelia, ningejua nina mguu. Hayakuja.

Kidonda nilikiosha kwa maji ya moto na chumvi, nikafungua kapsuli nikamwagia ule unga wake, kama tunavyofanya wote, nikafunga kitambaa. Kikaanza kunuka. Nzi wakanijua. Nikaona sasa niende zahanati.

Pale mapokezi palikuwa na binti mwenye haraka zake. Akaniuliza, "Mama, unakaa kitongoji gani?"

"Nakaa kwenye tanuru."

"Tanuru siyo kitongoji. Mwenyekiti wako ni nani?"

Sikuwa na mwenyekiti. Akanieleza vizuri tu kwamba nikiwa sina uwezo wa kuchangia matibabu, nilete barua ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba ananifahamu na hali yangu anaijua. Kidonda walikisafisha na kukifunga, sitawanyima haki yao. Lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini sikusikia kaa la moto. Waliponiuliza imekuwaje nikasema nimeungua jikoni, basi, mpishi kuungua jikoni ni habari gani.

Nikachechemea kwa mwenyekiti. Naye hakuwa mkali. Alisema, "Mama, mimi naandika barua ya watu wangu. Wewe matofali yakiisha unaondoka. Kesho wakiniuliza uko wapi nitasema nini? Nenda kwenu Ipelele, mwenyekiti wa kule anakufahamu." Nilimtazama. Ipelele, kwa mguu ule. Na mwenyekiti wa kule ndiye aliyekuwa amekaa pembeni ya shemeji yangu siku ile, anakunywa ile chai.

Nikarudi kambini. Nilirudi zahanati mara nyingine, nikakuta binti mwingine na swali lilelile, nikaondoka kabla sijalijibu. Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Kuumwa siyo kunakochosha sana. Kinachochosha ni kueleza kila mara wewe ni nani, kwa mtu ambaye kalamu yake ina sehemu moja tu ya kuandika, na wewe huenei hapo. Nikaacha kwenda. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kikaanza kujikunja, na kinachofuata kikakifuata. Nikitaka kushika mwiko, unaponyoka. Nilianza kuufunga mwiko mkononi kwa kamba, asubuhi kabla vijana hawajaamka, wasione.

Sasa sikilizeni Mungu alivyofanya, na alimtumia mtu mwenye majisifu. Kijiji kile kina gulio, na siku ya gulio nilikuwa nauza uji na maharage pembeni ya wauza mitumba. Nesi Devota, huyu hapa, alikuja kununua njegere zake. Onesmo naye yupo, anamwona nesi, hawezi kunyamaza. "Nesi, njoo uone maajabu. Mama yetu hana habari na moto. Mama, mshikie sufuria."

Nikashika. Nilishika kwa viganja maana vidole vilikuwa havitii. Watu wakaguna. Nesi hakuguna. Aliweka njegere chini, akaomba unyoya kwa muuza kuku aliyekuwa jirani. Akaniketisha juu ya ndoo, akasema, "Mama, fumba macho. Nitakugusa na huu unyoya. Kila nikikugusa, nionyeshe kwa kidole ni wapi."

Nikafumba. Nikasubiri aanze. Nikasikia watu wanaongea, mbuzi analia, mtu anapunguziwa bei ya sweta. Nikamwambia, "Nesi, niko tayari, anza."

Akasema, "Fumbua macho, mama. Nimeshamaliza."

Alikuwa amenipitia kiganja chote, na baka la mkono, na juu ya mguu. Nilimtazama Onesmo, akawa anatazama viatu vyake.

Nesi alinipeleka nyuma ya kibanda, mbali na watu. Akaniambia, "Mama Eliza, huu ni ukoma. Unatibika. Dawa ni bure, haidai barua ya mtu yeyote. Lakini mishipa ya fahamu inayokufa wakati tunangoja, sitaweza kukurudishia yote. Kwa hiyo tusingoje."

Sikulia kwa sababu ya ukoma. Nililia kwa sababu mimi ni mpishi. Nani atakula chakula cha mikono ile? Nesi alinieleza kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa chakula, na mtu akianza dawa hamwambukizi mwingine. Nilimsadiki, lakini vijana hawakuwepo nyuma ya kibanda. Habari ilifika kambini kabla yangu, na jioni yake sahani zilirudi zimejaa. Wakachoma mahindi, kila mtu na lake. Kesho yake vilevile. Nikafunga mzigo wangu, na mzigo wangu ni mdogo. Onesmo akanikuta naufunga, akakaa kwenye figa, akasema kwa sauti ili vijana wote wasikie, "Mama, mimi nimekula mkono wako tangu msimu unaanza. Kama ni kuambukizwa, nimeshachelewa. Nipakulie." Akala, akaongeza. Wakaja mmoja mmoja. Wawili hawakurudi kula kwangu kamwe, na sikuwalaumu. Nesi aliwapima wote kambini, hakupata mwingine.

Sasa shida ilikuwa moja. Dawa hizi zinakuja kwenye karatasi yenye vidonge vya mwezi mzima. Siku ya kwanza unameza vidonge vya siku hiyo mbele ya nesi, vilivyobaki unakwenda navyo kumeza kila siku, hivyo hivyo mwaka mzima. Je, mtu wa kwenye tanuru anapatikana wapi mwaka mzima? Nilijua swali linakuja, nikajiandaa kuondoka. Nesi akakuna kichwa na kalamu, akasema, "Mama, siku ya gulio huwa uko wapi?"

"Gulioni. Siku nisipokuwa gulioni ujue nimekufa."

"Basi dawa yako nitaileta gulioni."

Akafanya hivyo. Anakuja na kikapu chake, ananunua mboga, ananipa maji kwenye kikombe, nameza, anakagua mguu. Alinifundisha kuutazama kila jioni. "Mikono na miguu haitakuambia ikiumia, kwa hiyo wewe itazame." Alinitafutia makubazi ya tairi, akamwambia Onesmo aninunulie vitambaa vizito vya kushikia sufuria, na akimwona ananiita nionyeshe wageni atamchoma sindano. Onesmo akanunua.

Msidhani ilikuwa rahisi. Siku ya kufungua karatasi mpya mkojo unatoka mwekundu, nesi alikuwa ameniambia, hata hivyo nilishtuka. Ngozi ikawa nyeusi, hasa usoni, nyeusi kama chini ya sufuria, watu wakawa wananigeukia mara mbili. Kuna wiki nilitaka kuziacha. Kisha mvua zikaanza, matofali hayafyatuliwi kwenye mvua, kambi ikavunjwa. Vijana wakaenda kwao. Mimi nikaenda Makambako kuchambua viazi, kama kila mwaka.

Makambako ndiko nilikokaribia kufia. Ghafla mikono ikavimba, mabaka yakawa mekundu, na yale maumivu niliyoyatamani siku ya kaa yakaja yote pamoja, kutoka kiwikoni mpaka vidoleni, kama meno mabovu. Homa ikanitupa chini kwenye veranda ya stoo. Mwenye stoo ni Mzee Shabani, msafirishaji, Mrangi wa Kondoa. Kule walikuwa wanamwita mkali. Alinikuta natetemeka juu ya magunia matupu, akasema, "Mama, unaumwa nini?" Nikamwambia kweli, sikuwa na nguvu ya uongo. Nikasubiri anifukuze. Akasema, "Innalillahi, si ungesema mapema," akanipandisha kwenye fuso, lori lake, likiwa na mzigo wa wateja, akanishusha mlangoni pa hospitali.

Mapokezi wakauliza ninakaa wapi. Mzee Shabani akajibu, "Anakaa kwangu. Andika, kwa Shabani, kwenye stoo za viazi. Ukimtafuta usipomwona, nitafute mimi." Alikuwa hajui hata jina langu la pili. Daktari akasema kuvimba kule ni mwili unapambana na vijidudu hata vile vilivyokufa, kwamba nisiache dawa, na akaniongezea vidonge vya kutuliza mishipa. "Ungekaa wiki nyingine huko kwenye veranda," akasema, "mikono yote miwili ingekuwa makucha."

Nesi Devota akapiga simu kwa mwenzake wa Makambako, karatasi zangu za dawa zikawa zinanifuata huko msimu wa mvua na kurudi huku msimu wa matofali. Nilimaliza. Mkono wa kushoto umerudi, naweza kuokota punje ya mchele. Wa kulia, vidole hivi viwili vimebaki kama mnavyoviona, havitanyooka. Nashika mwiko kwa vitatu. Nyumba sina hadi leo, sitawadanganya. Nalala kwa Mzee Shabani stoo, na kwa Onesmo tanuru, na nikipitiwa na usingizi kanisani hakuna anayeniamsha.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru hawa watatu, Mbena, Mrangi na nesi, ambao hakuna hata mmoja ni ndugu yangu. Shemeji nimemsamehe, ingawa sina haja ya kumwona.

Nimeombwa niwape ushauri. Baka lisilowasha, ganzi isiyoondoka baridi ikiisha, msione ni jambo dogo. Msimsifu mtu asiyesikia moto. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wengi wetu hatufichi, tunakosa tu wa kumwambia. Nyinyi wenye nyumba, mkiwa na mtu analala stoo kwenu, mkopesheni jina lenu siku akiumwa. Halipungui.

La mwisho ni la kwako, nesi wangu. Umeniweka hapa nizungumze kwa sababu sasa unakuja na meza na dawa kila gulio, na watu wamejipanga vizuri. Ila humu kati yenu kuna mtu nimechambua naye viazi wiki hii. Sitamtaja, na nyinyi msigeuke kumtafuta. Viatu hana, na tangu baridi iishe anajisifu kwamba umande haumuumi. Fuso analofanyia kazi linaondoka mchana huu kwenda Tunduma, na ameketi mwisho kabisa wa foleni, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kukaa.

Mimi nimemaliza, usinipigie makofi. Usianze na waliotangulia kufika. Uliza nani anaondoka leo, uanze na huyo.